Kila Kitu Kilibingirika Upande wa Dirisha

Njegere ikidondoka jikoni kwa Elfriede Piontek haikuhitaji kutafutwa. Ilibingirika yenyewe, ikapita chini ya meza, ikakwepa mguu wa kabati, ikaenda kusimama kwenye kona ya dirisha, palipokuwa na kiti cha mumewe Ewald. Vifungo vya mashati, viazi, vidonge vya presha, vyote viliishia huko. Kwa miaka arobaini na minane Ewald alinyoosha mkono bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, akaokota kilichofika na kusema, "Mzigo umefika."

Sasa Ewald alikuwa na miaka sita kaburini. Kiti kilikuwa palepale, na njegere bado zilikuwa zinakwenda.

Ndiyo maana barua ya kampuni ya mgodi ilikaa juu ya friji wiki tatu bila saini.

Barua ilikuwa fupi. Nyumba namba kumi na moja na namba kumi na tatu, zilizojengwa zikiwa na ukuta mmoja katikati, zilikuwa zimeinama kiasi cha kustahili kunyooshwa kwa gharama ya kampuni. Zingekatwa juu ya msingi, zikainuliwa kwa jeki upande uliozama, kisha pengo lijengwe. Wenye nyumba wote wawili walitakiwa watie saini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mmoja akikataa, nyumba zote mbili zingetolewa kwenye orodha, na orodha isingefunguliwa tena.

Binti yake, Marlies, alipiga simu kila jioni kutoka Münster.

"Mama, umeshatia saini?"

"Nimekuwa na kazi."

"Kazi gani wiki tatu nzima?"

"Naosha madirisha."

"Una madirisha saba, Mama."

"Yana pande mbili."

"Nyumba imeinama mpaka nikija kulala kwako damu yote inakimbilia kichwani. Watu wanakuja kuinyoosha bure, na wewe unaosha madirisha!"

"Tatizo lako ni mto. Weka mito miwili."

Marlies alikata simu. Elfriede hakumlaumu. Yeye mwenyewe angemkatia mtu wa namna hiyo simu mapema zaidi.

Watu wa Kaltenbruch hawakushangaa nyumba kuinama. Mtaa ulikuwa umezama wote. Kabla ya mgodi hapakuwa na kitu hapo ila kinamasi, nyasi na kondoo, na barabara yao iliitwa ya Wachungaji hadi leo, ingawa kondoo wa mwisho alichinjwa babu zao wakiwa watoto. Kisha lilichimbwa shimo la Eleonora, zikajengwa nyumba za matofali mekundu mbilimbili, kila moja na bustani na kibanda cha mbuzi, wakaletwa watu kutoka Masuria na Poland waje kuchimba makaa. Ndiyo maana nusu ya makaburi ya Kaltenbruch yana majina yanayoishia kama la Piontek.

Makaa yalitoka, ardhi ikafuata. Mnara wa kanisa uliinamia shule. Mto Emscher, ambao tangu kuumbwa ulikuwa ukiteremka kwenda zake, siku moja ukajikuta hauna pa kuteremkia, ukatuama na uchafu wa miji mitano tumboni. Wakaujengea kingo za zege, wakaziinua, wakaziinua tena, mpaka mtu aliyesimama bustanini akawa anatazama juu kuuona mto. Pampu zikawekwa, na hazijawahi kuzimwa. Zikizimwa, watu walisema, bata watataga madhabahuni. Na mawe yasiyofaa yalimwagwa nyuma ya reli, yakawa kilima ambacho sasa kimeota miti na vijana wanakipanda kwa baiskeli. Kilichotoka chini kimekuwa mlima, pale kilipotoka pamekuwa bonde. Mtoto wa darasa la kwanza pale aliijua jiografia hiyo.

Lakini Elfriede alijua na jambo jingine. Kilichoizamisha Barabara ya Wachungaji kilikuwa mkono wa mumewe.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tano. Mwamba wa makaa uliokuwa ukifuatwa na kikosi cha Ewald ulipita chini ya nyumba zao wenyewe, mita mia nane kwenda chini. Alirudi jioni, kope bado nyeusi kama za mwanamke aliyepaka wanja, akaketi.

"Leo nilikuwa chini ya jiko lako, Friedel. Nimekusikia ukikanda unga."

"Muongo."

"Ulikuwa unamsema mama yangu."

"Basi kweli umenisikia."

Majira ya baridi yaliyofuata supu ilianza kukataa kukaa katikati ya bakuli. Ilipanda ukingo mmoja, ule wa dirishani. Ewald aliitazama, akashuka chini kwenye stoo, akarudi na msumeno. Aliipindua meza yao ya harusi, akakata kipande chembamba kama biskuti kwenye kila mguu wa upande wa mlango. Meza ikakaa sawa juu ya sakafu isiyo sawa. Baada ya hapo alipiga randa chini ya milango, akakata miguu ya kitanda, akaweka kabari nyuma ya kabati. Kila ardhi iliposhuka, alishuka nayo. Mgeni akiingia alipepesuka kama mlevi, akashika ukuta. Wao waliona mgeni ndiye aliyepinda.

"Mimi ndiye niliyeizamisha," Ewald alikuwa akisema, vumbi la mbao puani. "Acha niihudumie."

Sasa kampuni ilitaka kuja kuufuta mkono huo wote kwa siku tisa.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Elfriede alioka keki ya tufaha akavuka bustani kwenda namba kumi na tatu, kusema hapana. Alijiambia kwamba jambo kama hilo mtu hulisema uso kwa uso, na si mikono mitupu.

Namba kumi na tatu alikaa Nurhan Aydemir, dereva wa tramu, na bintiye Defne wa miaka miwili. Alikuwa ameinunua nyumba miaka mitatu nyuma kwa sababu ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa imeinama.

"Karibu, Bi Piontek," Nurhan alisema mlangoni, akiitazama sahani. "Keki. Watu wa mtaa huu wakija na keki najua kuna msiba."

"Keki ni keki. Chukua, inaniunguza mkono."

Mle ndani kulikuwa na baridi. Mtoto alikuwa sakafuni amevaa koti na kofia. Elfriede alitazama ukutani, akaona ufa uliopanda kando ya bomba la moshi, unaoingia kidole.

"Msafisha mabomba ya moshi amenifungia jiko la makaa tangu Machi," Nurhan alisema. "Anasema moshi utatokea chumbani kwa mtoto. Fundi anasema hazibi kitu mpaka nyumba ikae sawa. Basi tunaota kihita cha umeme, mimi na Defne, zamu kwa zamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Una ufa wako mwenyewe."

Meza ya Nurhan ilikuwa mpya, ya dukani. Chini ya miguu ya upande wa dirisha kulikuwa na vitabu viwili vya simu na karatasi zilizokunjwa. Ilitikisika kisu kilipogusa keki. Chungwa lilidondoka sakafuni, likaanza safari. Nurhan, akiendelea kukata, bila kugeuza kichwa, alinyoosha mguu wa kushoto akalisimamisha kwa unyayo.

Elfriede aliliangalia lile chungwa chini ya soksi ya Nurhan.

"Nani alikukatia miguu ya meza?"

"Aikate nani? Mimi nina leseni ya tramu, sina ya msumeno. Kazini naenda kwenye reli, nyumbani nateleza."

"Unajua nani alichimba chini ya hapa?"

"Mgodi."

"Ewald wangu. Yeye na wenzake kumi na wanne. Chini ya kwangu na chini ya kwako."

Nurhan alilamba kisu. "Basi nimlaumu yeye."

"Nimemlaumu mimi miaka arobaini na minane. Amezoea."

Defne alilifuata chungwa kwa magoti, pua ikimtoka kamasi. Elfriede alimfuta kwa leso yake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta Marlies. Pua ya mtoto ilikuwa baridi kama bomba.

"Nipe kalamu," alisema.

"Kalamu ya nini?"

"Nimeiacha barua kwangu, lakini najua nikifika huko kalamu yangu itakuwa imepotea."

Nurhan aliacha kutafuna. "Kwani ulikuwa bado hujatia saini, Bi Piontek?"

"Nilikuwa naosha madirisha."

Wiki iliyofuata stoo za chini zilitakiwa ziwe tupu, maana huko ndiko mafundi wangekata kuta. Marlies alikuja na mifuko mikubwa ya taka na glavu, akifurahi kwa namna iliyomuudhi mama yake.

"Hiki kitu gani? Misumari iliyopinda. Baba alitunza misumari iliyopinda!"

"Inanyooshwa."

"Tupa. Pete za miguu ya njiwa. Njiwa waliuzwa mwaka wa tisini na mbili. Tupa. Kopo la biskuti..." Marlies alilitikisa, likagongagonga. Alifungua. "Vipande vya kuni. Baba jamani! Tupa."

"Lete hapa."

Vilikuwa vipande kumi vya mti mgumu wa mbuki, vyembamba, vyote vya pembe nne, vimefungwa viwili viwili kwa uzi wa nailoni. Elfriede aligeuza jozi ya juu penye mwanga. Kwa penseli, kwa mwandiko wa Ewald uliosimama kama nguzo, paliandikwa: *66, mlango, kulia.* Cha pili: *66, mlango, kushoto.*

Alikaa kwenye ngazi.

Sabini na moja. Sabini na saba. Themanini na tano. Tisini na nne. Miguu yote ya meza ilikuwa ndani ya kopo, mwaka kwa mwaka. Hakumwambia hata siku moja. Alikata, akaandika, akafunga uzi, akashuka stoo, akarudi kula supu.

"Alijua watakuja," Marlies alisema polepole. Alikuwa ameketi ngazi moja chini, glavu mkononi. "Alijua siku moja wataiinua."

"Hakujua lolote. Alikuwa hatupi kitu, basi." Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kutafuta chini ya kopo, na havikupata. "Zinapaswa kuwa jozi sita."

"Labda ya sita imepotea."

Haikupotea. Elfriede alikumbuka mara moja, na kumbukumbu ilimchoma. Mwaka wa pili baada ya mazishi, mgodi ukiwa tayari umefungwa, ardhi ilishuka tena kidogo, kana kwamba haikuambiwa kuwa kazi imekwisha. Supu ilipanda ukingo. Alingoja siku kadhaa, hakujua anamngoja nani, kisha akachukua msumeno akakata mwenyewe, ulimi nje, mara ya kwanza maishani mwake. Na vile vipande viwili, kwa kuwa jiko lilikuwa wazi na mikono imejaa, alivitupa motoni.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Niliichoma."

Jeki kumi na nane ziliwekwa. Bwana Overbeck, mhandisi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongea na wagonjwa, alisema wanaweza kubaki ndani. Nyumba ingepanda polepole kuliko unga wa mkate. Elfriede alikaa kwenye kiti cha Ewald siku ya kwanza mpaka ya mwisho, isipokuwa kulala na haja. Nyumba ililia kama meli. Kahawa kwenye kikombe ilijisogeza siku hadi siku, na meza, iliyokuwa sawa miaka yote, ikaanza kuinamia mlango. Mlango wa kabati ulifunguka wenyewe. Siku ya saba alidondosha kiazi kwa makusudi. Kilifikiria, kikazunguka nusu, kikasimama katikati ya sakafu.

Siku ya kumi asubuhi, jeki zimeshatolewa, aliamka, akaweka miguu chini, akaangukia kabati la nguo. Alipiga simu hata kabla ya kuvaa.

"Overbeck! Mmezidisha. Mmeipindua nyumba upande wa pili!"

Alikuja baada ya nusu saa, pimamaji kwapani. Aliiweka sakafuni, kizingitini, kwenye fremu ya dirisha. Kila mahali kiputo cha hewa kilikaa katikati, hakitikisiki.

"Chombo chako kibovu," Elfriede alisema.

"Bi Piontek, barabara hii nimenyoosha nyumba ishirini na mbili. Nimepigiwa simu hii mara ishirini na mbili. Yule mzee wa namba tatu alitaka kunishtaki. Nyumba imenyooka. Mliopinda ni ninyi." Alitabasamu, kisha akaona uso wake, akaacha. "Wiki tatu. Mwili utazoea."

"Na meza?"

Overbeck aliitazama meza ya mbuki iliyoinama kuelekea mlangoni kama ng'ombe anayekunywa maji. "Kampuni inatoa kitu kwa ajili ya samani. Utapata mpya."

"Kunywa kahawa yako uende," Elfriede alisema. "Shika kikombe. Usikiweke."

Tarehe nne Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Siku hiyo Kaltenbruch hukata vitawi vya mcheri na kuvitia kwenye maji ya vuguvugu ndani ya nyumba, vipate kuchanua Krismasi. Ewald alikuwa na desturi yake ya ziada. Alikuwa na gololi ya chuma, kubwa kama ndimu ndogo, iliyotoka kwenye mashine ya mgodini. Kila Barbara aliiweka kizingitini na kuiachia, na Marlies mdogo alihesabu kwa sauti mpaka igonge ukuta wa dirishani. Mwaka kwa mwaka hesabu ilipungua. Kumi na saba. Kumi na tatu. Tisa. Marlies alishangilia kana kwamba gololi ni farasi wao wa mashindano.

Asubuhi ya Barbara mwaka huo Elfriede alimwita Nurhan, wakaipindua meza. Defne, bila koti, alikaa chini akila mkate. Nyuma ya ukuta moto wa jiko la namba kumi na tatu ulisikika ukila makaa. Elfriede alipaka gundi. Tisini na nne kwanza, kisha themanini na tano, akirudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi sitini na sita. Nurhan alibana kila jozi kwa mikono yote miwili na kuhesabu kama alivyoambiwa.

"Mwandiko mzuri," Nurhan alisema.

"Usiongee. Bana."

Jioni gundi ilikuwa imeshika. Waliisimamisha meza. Elfriede alijaza bakuli maji akaliweka katikati. Maji yalipanda ukingo wa upande wa mlango, kidogo, unene wa kidole cha mtoto.

"Kuna kipande kimepungua," Nurhan alisema.

"Najua. Niliota moto nacho."

Alifungua droo ya kabati akatoa vibao vya karatasi vya kuwekea glasi ya bia, kutoka baa ya pembeni ambayo siku hizi ni duka la miwani. Ewald alikuwa akirudi navyo mfukoni kila Jumapili, na navyo hakuvitupa. Vilitosha vitano chini ya kila mguu wa upande wa mlango. Maji yalishuka, yakakaa.

Nurhan alipoondoka na mtoto begani, Elfriede alitia vitawi vya mcheri kwenye jagi. Kisha akatoa gololi, akapiga magoti kizingitini, akaiweka chini na kuondoa mkono.

"Moja," alisema. "Mbili."

Alifika tisa. Aliendelea. Kwenye thelathini magoti yakauma. Gololi ilikuwa palepale ilipoachwa, inang'aa, haina pa kwenda. Alijikuta ameinua kichwa kuelekea kona ya dirisha, kama alivyokuwa akiinua siku zote baada ya kitu kudondoka, akingoja sauti.

Alijishika kwenye fremu akasimama. Aliichukua gololi, ilikuwa nzito na baridi, akavuka nayo jiko hatua kwa hatua, akipepesuka upande wa kulia ambako hapakuwa tena na mteremko. Aliinama akaiweka chini, kando ya mguu wa kiti.

"Mzigo umefika," alisema.

Kisha akaenda kuloweka njegere za kesho. Moja ilidondoka. Alitazama ilipo, akainama, akaiokota.